Kutoka Nairobi Hadi Eldoret kwa Motokaa Kuukuu

Kutoka Nairobi hadi Eldoret ni mwendo wa kilomita 310 hivi. Mtu mwenye motokaa nzima huondoka asubuhi, na saa za chakula cha mchana huwa amekwisha kufika. Mimi na ndugu yangu mdogo tuliondoka Nairobi Jumamosi alfajiri, tukafika kwetu Jumapili saa tatu za usiku, mikono yetu myeusi kwa oili mpaka viwikoni. Nataka kuwaeleza wasomaji habari za safari hiyo, si kwa kujisifu, maana sina la kujisifia, bali kwa kuwa najua makarani na wakulima wengi wanaweka akiba ili wanunue motokaa iliyokwisha kutumika. Barabara ile ilinifundisha mambo ambayo muuzaji hamwambii mnunuzi.

Fedha za kununulia hazikuwa zangu peke yangu. Nusu nilikopa katika chama cha akiba na mikopo cha kazini, na kwa ajili hiyo nitakatwa mshahara miezi 24. Nusu ya pili aliitoa ndugu yangu, ambaye ni mkulima wa mahindi na maziwa. Aliuza ng'ombe wawili wa kukamuliwa. Mama yetu ni mzee, naye hana budi kwenda hospitali Eldoret kila mwezi. Kwa muda wa miaka miwili amekuwa akingoja matatu kando ya barabara, mvua ikimnyeshea. Basi motokaa hii haikununuliwa kwa fahari. Kama ingetushinda, tungepoteza ng'ombe na mshahara pamoja, na Mama angebaki pale pale kando ya barabara.

Tulichagua Peugeot 504, lile gari refu lenye safu tatu za viti ambalo kwa miaka mingi lilichukua abiria kati ya miji ya nchi hii. Gari la aina hiyo lilionekana mara ya kwanza huko Ufaransa mwaka wa 1968. Hapa Kenya liliunganishwa kwa miaka mingi, hata baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuunda saluni zake mwaka wa 1983. Wapenzi wa mashindano ya Safari Rally watakumbuka kwamba 504 ilishinda mwaka wa 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikashinda tena mwaka wa 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Springi za nyuma za gari hilo refu ni nne, mbili kila upande, nalo hustahimili mzigo na mashimo. Lakini sifa ya ukoo si sifa ya mtoto. Motokaa iliyo mbele yako ina maisha yake yenyewe, na hayo ndiyo unayoyanunua.

Ya kwetu ilikuwa imekaa Mombasa miaka mingi. Ilipakwa rangi mpya, nayo iling'aa. Tulilinganisha nambari ya chesisi na ya injini na zile zilizoandikwa katika kitabu chake, tukaona ni sawasawa. Tuliiwasha, ikaunguruma vizuri, tukalipa. Hapo ndipo tulipofanya kinyume cha akili: baada ya kulipa, si kabla, tukampelekea fundi.

Fundi huyo ni mzee anayefanya kazi karibu na Barabara ya Kirinyaga, mahali ambapo maduka ya spea yamepangana kama mabanda ya soko. Hakuitazama rangi hata kidogo. Aliinua zulia la chini ya miguu, akabonyeza bati kwa bisibisi, na bisibisi ikapita mpaka nje tukaona lami. "Hii ni chumvi ya bahari, mwanangu," akasema. "Rangi ni kanzu tu." Akazunguka, akalala chini ya gari, akafungua kikopo cha mafuta ya breki akayanusa. Kisha akachukua kipande cha karatasi akaandika mambo sita: sakafu, matairi, breki, feni, kabureta, nyaya za taa.

Fedha tulizobaki nazo zilitosha mambo mawili. Tukachomelea sakafu na kununua matairi, kwa sababu hayo yalionekana kwa macho. Juu ya breki nilimwambia mzee, "Mbona inasimama vizuri?" Akanijibu, "Hapa mjini inasimama." Akaninyoshea ile karatasi, nami nikaitia mfukoni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nalikuwa nimeuona ufa, nikaukunja nikautia mfukoni.

Tuliondoka kungali giza, tumepakia mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, magunia mawili ya mbolea, na kitanda kipya cha Mama. Tulipita Limuru yenye ukungu na mashamba ya chai, kisha tukashika barabara ya chini inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu. Ndiyo barabara inayotumiwa sana na malori. Jua lilikuwa linachomoza. Mbele yetu ulisimama mlima Longonot, ambao kilele chake kina mita 2,776, na upande wa kushoto Suswa ulikuwa umelala chini kama ng'ombe anayecheua. Ndugu yangu, ambaye hakuwahi kupita njia hiyo mchana, alinyamaza kwa uzuri wake.

Mbele yetu kulikuwa na malori matatu yanayokwenda pole pole. Nami niliweka gia ya tatu na kuyafuata, mguu wangu juu ya breki wakati wote. Baada ya muda nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani ni ya lori. Tulipofika kwenye kona kali nikakanyaga breki, na pedeli ikaufuata mguu wangu mpaka chini kama mtu aliyekanyaga matope. Nikakanyaga tena, hapana kitu. Kushoto kwetu kulikuwa na bonde, na mbele yetu mkia wa lori. Nikaitia gia ya pili kwa nguvu, kisha ya kwanza, injini ikapiga kelele, ndugu yangu akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Kulikuwa na rundo la kokoto lililoachwa kando na watengenezaji wa barabara. Nikalipanda kwa gurudumu la kushoto, gari likasimama.

Ndugu yangu alishuka akaweka jiwe kubwa mbele ya gurudumu, ndipo akasema, "Kaka, ng'ombe wangu wawili walikaribia kwenda bondeni." Tulicheka, lakini magoti yangu yalikuwa yakitetemeka hata nikakaa chini.

Sasa sikilizeni sababu, kwa maana jambo hili lingeweza kumpata dereva yeyote. Mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani kidogo kidogo, hata kama gari limesimama bila kazi. Yakiwa mapya huchemka kwa moto mkali sana, lakini yakikaa miaka mingi na kuingiwa na maji huchemka upesi. Mtu akikanyaga breki muda mrefu mteremkoni, chuma hupata moto, mafuta huchemka na kufanya mvuke ndani ya mabomba. Mafuta hayashindiliki, lakini mvuke hushindilika. Ndiyo maana pedeli huzama. Mjini, ambapo mtu hukanyaga kidogo na kuachia, hutaiona dalili hiyo mwaka mzima.

Na tazameni udanganyifu wake: baada ya nusu saa nilijaribu pedeli, nikaikuta ngumu kama kawaida. Mvuke ulikuwa umepoa ukarudi kuwa maji. Ndugu yangu akasema, "Imepona, twende." Nami nilitamani kumwamini, maana saa zilikuwa zinakwenda. Lakini nilitoa ile karatasi mfukoni nikaisoma neno la tatu. Tukateremka kwa gia ya kwanza mpaka chini, mwendo wa mtu anayetembea, malori yakitupigia honi. Tulilipita lile kanisa dogo la mawe lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitalia mwaka wa 1942, walipokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Nyakati nyingine ningesimama kulitazama. Siku hiyo nilivua kofia tu nikapita.

Fundi wa Mai Mahiu alifungua gurudumu la nyuma la kulia, tukaona silinda ndogo ya breki inavuja na ngozi zake zimelowa. Kijana wa pikipiki alitumwa Naivasha kuleta mipira. Mafuta ya zamani yalipotolewa yalikuwa meusi kama chai iliyolala. Kazi ya kuyabadilisha haina siri, na kila mwenye motokaa afaa aijue: mmoja hukaa ndani akikanyaga pedeli na kuishikilia, mwingine hufungua kijiskrubu kilicho gurudumuni mafuta na hewa vitoke, kisha hukifunga kabla pedeli haijaachiliwa. Huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na kikopo, na kikopo kisiachwe kikauke. Kazi huendelea mpaka mafuta yatoke safi bila mapovu. Ilituchukua mpaka saa tisa za mchana. Gharama yake yote ilikuwa ndogo kuliko bei ya tairi moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tulipita Naivasha na Gilgil, punda milia wakila majani kando ya barabara, tukaingia Nakuru jua likitua. Tukalala huko, nami niliamka mara mbili usiku nikiota ile pedeli.

Jumapili asubuhi tulianza kupanda. Kutoka Nakuru barabara huinuka kupita Salgaa na Sachangwan mpaka Mau Summit, na wasomaji wanaijua sifa yake ya huzuni. Ndipo mahali ambapo tarehe 31 Januari, mwaka wa 2009, watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto baada ya lori la petroli kupinduka. Anayeteremka huko huomba breki. Sisi tuliokuwa tukipanda tuliomba maji. Nyuma ya malori mwendo ulikuwa mdogo na injini ilifanya kazi kubwa. Mshale wa joto ukapanda mpaka ukagusa alama nyekundu.

Tulisimama. Ndugu yangu akaenda upesi kufungua kofia ya rejeta, nami nikamshika mkono. Maji yaliyofungiwa ndani ya rejeta hukaa chini ya nguvu, nayo hupita kiwango cha kuchemka bila kuchemka. Ukiifungua kofia hurukia usoni mara moja. Wako watu wenye makovu kwa ajili ya haraka hiyo. Wala haifai kumwagia injini yenye moto maji baridi, maana kichwa cha injini ya 504 ni cha aluminiamu. Hupinda, na gasiketi yake huungua. Tulikaa chini ya mti dakika arobaini.

Gari lilipopoa tuliliwasha tena na kulitazama. Maji yalipopata moto, feni haikuzunguka ila kivivu. Feni ya 504 haifanyi kazi wakati wote. Imeundwa ishikwe kwa sumaku ya umeme maji yakipata moto, na kuachwa yakipoa, ili injini isipoteze nguvu bure. Umeme huifikia sumaku hiyo kupitia kipande kidogo cha kaboni, na cha kwetu kilikuwa kimelika mpaka kwisha. Katika barabara tambarare upepo wa mwendo hupoza rejeta, na kasoro haionekani. Tulijikokota mpaka Salgaa, tukifungua moto wa kupashia joto chumbani ili upunguze joto la injini, sisi wenyewe tukitokwa jasho kama waokaji mikate. Fundi wa malori hapo hakuwa na kaboni, lakini alikaza skrubu za sumaku mpaka feni ikashikamana na puli yake ikazunguka daima. "Itakula petroli kidogo," akasema, "lakini haitakula injini." Lilikuwa neno la nne katika karatasi.

Baada ya Mau Summit nchi hubadilika. Kuna misitu na mashamba ya viazi, na watu huvaa makoti mchana. Barabara huvuka mstari wa Ikweta, na mgeni hushangaa kuona kwamba hapo katikati ya dunia ndipo penye baridi. Reli ya kwenda Uganda hupita karibu na Timboroa kwenye kilele cha mita 2,784. Huko hewa imepungua karibu robo ikilinganishwa na ile ya pwani. Mtu hulisikia jambo hilo kifuani akipanda mbio, na motokaa hulisikia katika kabureta. Ya kwetu iliwekwa sawa kwa hewa ya Mombasa. Petroli ilikuja nyingi kama ilivyozoea, lakini hewa ya kuichoma haikutosha. Ikawa inatoa moshi mweusi, inakohoa, na mwendo unakufa. Tulizitoa plagi tukazikuta zimejaa masizi. Tukazisafisha kwa brashi ya waya, tukakung'uta kisafisha hewa kilichokuwa kimejaa vumbi, tukaendelea kwa gia ya pili. Dawa kamili ilipatikana baadaye Eldoret: fundi alitia kijitundu kidogo zaidi cha petroli ndani ya kabureta, akaurudisha nyuma kidogo wakati wa moto kuwaka, yaani uwahi zaidi. Atakayenunua motokaa ya pwani aipeleke milimani, au ya milimani aipeleke pwani, na akumbuke kwamba hata chombo cha chuma huona ugeni.

Neno la sita na la mwisho katika yale manne tuliyoyaacha lilitungoja karibu na Burnt Forest. Giza liliingia pamoja na mvua na ukungu, na taa zetu zikawa dhaifu kama koroboi. Tuliogopa kwamba altaneta imekufa, na siku hiyo mfuko ulikuwa mtupu. Lakini tulipofungua boneti tuliona vichwa vya betri vimeota unga mweupe, na waya unaorudisha umeme kwenye bodi umeliwa na kutu pale uliposhikizwa. Chumvi ile ile ya bahari! Tukaukwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, tukaukaza, na taa zikamulika mpaka mitini. Kazi ya dakika kumi, bila senti moja. Kutoka hapo hatukupata tabu tena. Tulipita Eldoret, mji ambao wazee wetu wangali wakiuita Sisibo kwa ajili ya shamba nambari 64 ulipoanzia, tukafika nyumbani Mama akiwa amesimama mlangoni na taa.

Sasa nitasema niliyojifunza, ili wenzangu wasiyanunue kwa bei niliyonunua mimi.

Kwanza, mpeleke fundi wako akaitazame motokaa kabla hujatoa fedha, wala asiwe fundi wa muuzaji. Malipo ya saa moja ya fundi ni kidogo mno kuliko thamani ya ng'ombe.

Pili, usitumie fedha zako zote katika bei. Kama unazo shilingi nne, nunua gari la shilingi tatu, na ya nne ni ya matengenezo ya mwanzo. Kama hizo tatu hazipati gari, bado wakati haujafika. Ngoja mavuno mengine.

Tatu, kitu kinachozeesha motokaa si mwendo tu. Mipira, mikanda, mabomba na mafuta huzeeka hata gari likiwa limefungiwa nyumbani. Kwa hiyo gari likiingia mikononi mwako, badilisha oili ya injini, maji, mafuta ya breki na mkanda wa feni, bila kujali muuzaji alisema nini. Tangu siku hiyo utajua umri wa kila kitu.

Nne, kwanza tengeneza kinachosimamisha gari, kisha kinacholiendesha, na mwisho kinacholipamba. Sisi tulitazama kilichoonekana kwa macho, na kilichotaka kutuua hakikuonekana.

Tano, mteremkoni shika gia ndogo tangu juu, injini ikuzuie, na breki uiguse kwa kitambo tu. Ushauri huu wafaa hata kwa motokaa mpya.

Jumanne iliyofuata nilimpeleka Mama hospitali. Alilizunguka gari, akagusa mlango, akanitazama. Hakuuliza linakwenda mbio kiasi gani, wala lilitengenezwa mwaka gani. Aliuliza, "Linasimama?" Nikamjibu, "Linasimama, Mama." Basi akapanda, akajifunika shuka yake, tukaenda. Kioo cha nyuma bado hakifungi sawasawa, na mshale wa mwendo umekufa. Ile karatasi ya mzee wa Kirinyaga nimeibandika ukutani kando ya kalenda, na kila nitengenezapo jambo jipya naliandika chini yake pamoja na tarehe.